Ulisema Shingo Imepinda

Tukuyu, 9 Januari 2024

Kwako Lusekelo,

Salamu. Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mama yako goti linamsumbua akipanda kutoka bondeni, lakini bado anapanda. Mvua ya mwaka huu ina hasira, imeangusha migomba kumi na moja upande wa chini, na ukuta wa choo umelala.

Najua una simu, na mama yako ana simu. Mimi nimeamua kuandika. Kwenye simu mtu husema jambo akalikana kabla hajakata. Kwenye karatasi linabaki. Tena, tangu uondoke ni miaka kumi na mitano na mimi na wewe hatujazungumza kwa mdomo. Sioni sababu ya kuanza leo. Mama yako nimemwambia asiliingilie jambo hili, na amekubali.

Jambo lenyewe ni hili. Mchungaji Douglas wa hapa kwetu anakuja London kwa mkutano. Nimempa sanduku la mbao. Ndani yake mna gitaa la umeme lililotoka katika karakana yangu. Kiwiliwili ni mninga, shingo ni mvule, na ubao wa vidole ni mpingo. Sumaku zinazonasa sauti zimesukwa kwa mkono, kwa waya wa mota ya pampu iliyoungua. Vilivyonunuliwa ni nyuzi, freti na masikio ya kukazia nyuzi, basi.

Nasikia unafanya kazi kwa Singasinga anayetengeneza na kuuza magitaa, na kwamba watu wanakuletea vyombo vyao uwaambie thamani yake. Kazi hiyo ulianzia kwangu. Lipime hili kama unavyopima ya wageni, kisha uniandikie ukweli jambo kwa jambo. Likiuzika, liuze. Usinionee haya kwa kuwa mimi ni baba yako.

Mwanao Tumpe hajambo. Yuko kwa fundi, anajifunza kazi. Bado hataki kuzungumza nawe kwenye simu. Hilo mimi sikumfundisha.

Baba yako,
Ambakisye Mwakifuna


Tooting, London, 18 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata pamoja na sanduku. Mimi mzima, ila kifua cha baridi. Poleni kwa migomba. Mwambie mama asipande na ndoo kichwani, maji ya bomba yapo kwa jirani.

Mchungaji Douglas alikuja Jumamosi moja kwa moja karakanani, amevaa makoti mawili. Bwana Surinder, mwenye karakana, ni mzaliwa wa Kisumu na Kiswahili anakipenda, kwa hiyo walikunywa chai ya maziwa na kuongea mpaka tukachelewa kufunga. Gitaa limefika salama. Tulilichomeka kidogo tu kuona kama linatoa sauti. Kulipima hasa bado. Mbao zikisafiri namna hiyo lazima zikae wiki mbili zizoee hewa ya ndani.

Unasema Tumpe yuko kwa fundi. Fundi gani? Nadhani ni cherehani. Nimempa Mchungaji mkasi mzuri wa kukatia nguo na mita sita za kitambaa cha bluu ampelekee. Mwambie rangi hiyo nilimchagulia mwenyewe. Ametimiza kumi na nane mwezi uliopita, sijui hata kimo chake. Nilimwahidi kumchukua alipokuwa na miaka kumi na miwili na makaratasi yakanishinda. Nimemweleza mara nyingi kupitia kwa mama. Sijui kama anaelezwa.

Mtoto wako,
Lusekelo


Tukuyu, 11 Machi 2024

Kwako Lusekelo,

Wazima. Ukuta wa choo tumeujenga upya. Mama yako anakusalimu.

Mchungaji amerudi. Amesimulia habari za treni zinazopita chini ya ardhi. Kuhusu gitaa hakusema la maana, yeye ni mtu wa mahubiri. Mkasi Tumpe ameupokea. Ni mkali.

Wiki mbili zimepita. Andika.

Ambakisye


Tooting, London, 2 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini goti la mama limepata nafuu. Mimi mzima. Jua la huku limeanza kutoka ila halina joto, watu wanavaa kaptula kwa kujilazimisha. Nimehama chumba. Sasa niko juu ya duka la vyombo vya jikoni, karibu na stesheni, naamshwa na kelele za milango ya chuma ikifunguliwa.

Ulitaka ukweli jambo kwa jambo. Nimefuata utaratibu wako mwenyewe, ule niliojifunza nikiwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi minne, siku ulipolichukua gitaa langu la kwanza mbele ya wanakwaya waliotoka Kiwira ukalihukumu umesimama. Utaratibu huo sijausahau. Unaanza na uzito.

Mninga ni mti mzito. Fundi mwenye akili huufukua kwa ndani kabla ya kuufunika. Hili nimelivaa kwa mkanda dakika kumi, bega likalalamika. Mpiga gitaa wa harusi anasimama saa tano.

Halafu shingo. Niliinua gitaa hadi usawa wa jicho, nikaangalia kando ya shingo kutoka kichwani kwenda tumboni, kama mtu anavyoangalia ubao kabla ya kuununua. Shingo imepinda. Ingekuwa imeinama tu, kuna chuma ndani cha kuinyoosha. Hii imejisokota. Upande wa nyuzi nene umeinuka, wa nyuzi nyembamba umelala. Hilo halina dawa, na unajua.

Freti, vile vyuma vidogo vilivyolazwa shingoni, hazilingani kimo. Kwenye kituo cha tano na cha tisa uzi unakwaruza. Ncha zake zinakata. Nilimaliza wimbo mmoja nikiwa na kidole kinachotoka damu.

Nikabonyeza uzi kwenye kituo cha kumi na mbili, pale ambapo sauti inatakiwa kuwa ileile ya uzi mtupu, ila ya juu. Haikuwa ile. Aliyepima umbali kutoka kichwani hadi darajani, pale nyuzi zinapokalia tumboni, alikosea, na akikosea hapo amekosea kila noti itakayopigwa humo maisha yote ya gitaa. Sumaku ndizo usiseme. Nilipochomeka, mvumo ulijaa chumba kabla sijagusa uzi. Waya wa pampu ungebaki kwenye pampu.

Umesema nisikuonee haya. Basi sikuonei. Aliyefanya kazi hii hana mkono. Kama ni uzee, aache. Kama si uzee, hakuwahi kuwa nao. Mwanafunzi akiniletea kazi kama hii nitamwambia atafute riziki nyingine mapema, kabla hajazoea kujiita fundi na kabla watu hawajazoea kumwonea huruma. Kinachouzika hapa ni masikio ya kukazia nyuzi, na hayo mlinunua.

Siku ile ulimaliza kwa shoka. Mimi sina shoka. Nimeliweka stoo, nyuma ya makopo ya rangi.

Msalimie Tumpe. Mwambie kazi ya cherehani ni kazi nzuri, ashikilie.

Lusekelo


Tukuyu, 5 Mei 2024

Kwako Lusekelo,

Barua yako imefika tarehe 24 Aprili. Imesomwa.

Mvua zimepungua. Viazi vimetoka vizuri.

Ambakisye


Tooting, London, 28 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Nilitegemea ungenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata nilikuwa nimeanza kuandika jibu kichwani.

Hamjambo lakini? Mama hapokei simu tangu mwisho wa Aprili. Nampigia Jumapili baada ya ibada, inaita mpaka inakata. Kama anaumwa mniambie. Kama amekasirika pia mniambie.

Na unasema barua imesomwa. Imesomwa na nani? Nilikuandikia wewe.

Lusekelo


Tukuyu, 20 Juni 2024

Kwako Lusekelo,

Mama yako haumwi.

Umeuliza barua yako imesomwa na nani. Imesomwa na Tumpe, kwa sauti, mezani, mama yako akiwepo. Gitaa lile ni la Tumpe. Fundi anayejifunza kwake ni mimi.

Alianza na miaka kumi na minne, kwa kufagia vumbi la mbao na kulichungulia. Sikumwita. Niliwahi kukufukuza wewe, sikuwa na nguvu ya kumfukuza mwingine. Gitaa la kwanza alilotengeneza nilimwonyesha makosa tisa. La pili, matatu. Hilo mlilo nalo ni la tatu. Nilikaa nalo siku nne nikitafuta kosa, nikapata ncha mbili za freti ambazo hakuzimaliza kwa tupa. Shingo niliipima mwenyewe kwa uzi uliovutwa, kabla sijapigilia misumari ya sanduku. Shingo ile imenyooka, Lusekelo. Ulisema shingo imepinda.

Alisoma taratibu, kama anayesoma tangazo la serikali ubaoni. Alipofika pale uliposema aliyefanya kazi hii hana mkono, alirudia mstari huo, kisha akaendelea mpaka mwisho, hadi kwenye cherehani. Akakunja karatasi. Akaniuliza, "Babu, alijua kuwa ni langu?"

Nikamwambia hukujua.

Akasema, "Basi amesema kweli. Anayekujua ndiye anayekubembeleza."

Asubuhi alikichukua kiwiliwili cha gitaa la nne, mninga ambao alikuwa ameuchonga miezi miwili, akaukata kwa msumeno vipande vya kuni. Mama yako aliletewa kuni hizo jikoni. Hakupika siku hiyo.

Sasa sikia na la mwisho. Mchungaji Douglas alikuwepo mlipolichomeka. Aliporudi mwezi wa tatu alinieleza neno kwa neno aliyoyasema yule Singasinga, na uso wako ulivyokuwa, nami nikakuficha. Kwa hiyo barua yako ilipofika niliisoma kwanza peke yangu, nikajua ni uongo. Nilimwachia Tumpe asome. Kila mwaka unamtumia kadi ya siku ya kuzaliwa, na kila mwaka, pamoja na kwamba hataki simu yako, anaiweka chini ya godoro na kudhani mimi sijui. Nilitaka amjue mama yake kwa mwandiko wa mama yake.

Kwamba ulidanganya sijamwambia. Hilo ni lako.

Ambakisye


Tooting, London, 7 Julai 2024

Baba,

Leo salamu zimenishinda.

Nitaandika yote, na ninaomba Tumpe asomewe yote, bila kuruka.

Siku ile Mchungaji alipoleta sanduku, Bwana Surinder alilitoa gitaa mwenyewe. Akafumba jicho moja akaangalia kando ya shingo. Akaligeuza akaangalia upande wa pili. Hakutaja kosa hata moja. Ana miaka arobaini katika kazi hii na kwa kawaida kasoro ya chombo huitaja kabla hakijatua mezani. Akalichomeka, akapiga uzi mmoja mmoja, akaweka kiganja juu ya nyuzi kunyamazisha, akasikiliza ule ukimya kama kuna mvumo. Haukuwepo.

"Nani ametengeneza hii?" akauliza.

Mchungaji akajibu, "Fundi wa kwetu Tukuyu, Mzee Ambakisye. Baba yake huyu."

"Huyu mzee asife," Surinder akasema. "Mimi naweka hii dirishani kesho. Ncha mbili za freti, nusu saa ya tupa. Zaidi ya hapo mimi siguse, nitaharibu." Kisha akanigeukia. "Lusekelo, wewe kwa nini ulitoka huko kwa baba yako?"

Mchungaji alikuambia uso wangu ulikuwaje. Mimi sikuuona, ila nilijua kilichokuwa ndani yake. Nilikuwa nawaza kwamba mikono iliyopasua gitaa langu kwa shoka, kwenye miaka sabini na kitu, bado inaweza kufanya kitu kizuri hivi. Sikulala vizuri wiki ile. Nilitaka kiwe kibaya. Nilipoona si kibaya nikakifanya kuwa kibaya kwa kalamu. Kila kosa nililoandika ni lile ulilolitaja wewe mwaka ule kwenye gitaa langu. Sikubuni hata moja.

Kuna lingine, na hili hata Mchungaji halijui. Nilipoandika kuwa liko stoo, lilikuwa limeshauzwa wiki mbili nyuma. Alilinunua Adolphe, Mkongo anayepiga katika bendi ya harusi. Alikaa nalo kwenye kiti cha dirishani karibu saa nzima, akapiga polepole, mwisho akasema, "Hii gitaa inanijibu. Ni nani alifanya hii kazi?"

Surinder alikuwa nyuma anachomelea waya. Nikasema, "Mimi."

Lilitoka lenyewe. Lilikuwa limekaa hapo miaka kumi na tisa likisubiri mtu aulize. Adolphe akasimama akanipa mkono kwa mikono miwili, akaniita fundi mkubwa, akaagiza mengine mawili kwa ajili ya wenzake. Nimekuwa nikimwambia mbao hazijafika.

Surinder alingoja mpaka mteja akatoka. Akaniuliza, "Baba yako amekufa?"

Nikasema hapana.

"Basi mbona umemrithi?"

Tangu siku hiyo ananipa kazi za kubadilisha nyuzi tu. Hajaniambia niondoke. Ananiacha nikae mezani kwangu, mikono mitupu, wateja wakipita.

Pesa ya gitaa nimeituma yote leo kwenye simu ya mama. Ni ya Tumpe.

Sasa na wewe nikuambie. Mimi nilipiga nikidhani nakupiga wewe. Nilikuwa na haki ya kukupiga, hata kama sikuwa na haki ya kusema uongo. Wewe ulijua tangu mwezi wa tatu. Ulikuwa na barua mkononi na mtoto mbele yako, na ulijua atakayepigwa ni nani. Ungeweza kuichana. Ungeweza kumwambia, jioni ileile, mama yako amenitukana mimi, hili halikuhusu. Ulimpa akasoma kwa sauti. Mwaka ule ulivunja mbao. Mwaka huu umeona mbao haitoshi.

Mwambie shingo imenyooka. Mwambie sijawahi kushika, katika karakana hii, shingo iliyonyooka kuliko ile. Mwambie mkono anao. Kama hutamwambia nitakata tiketi nije nimwambie mwenyewe.

Lusekelo


Tukuyu, 13 Oktoba 2024

Kwako Lusekelo,

Salamu. Mama yako hajambo. Atapokea simu yako ukipiga, amesema hivyo. Vanila ya jirani imekauka yote, ya kwetu imebaki. Nimechelewa kujibu. Si kwamba nilikuwa na kazi nyingi.

Barua yako ilifika mwisho wa Julai. Nilikaa nayo siku tisa ndani ya koti. Siku ya kumi mama yako alifua koti. Akaisoma akiwa amesimama pale kwenye beseni, mikono ina povu, kisha akaenda nayo moja kwa moja kwa Tumpe. Hakuniuliza. Katika ndoa ya miaka arobaini na sita hilo ni jambo la kwanza alilofanya bila kuniuliza, au la kwanza nililolijua.

Tumpe alikuja karakanani akiwa nayo. Tangu ile siku ya msumeno alikuwa hajaingia humo. Nilikuwa natengeneza mguu wa meza ya mtu.

Akasema, "Babu, ulijua tangu mwezi wa tatu?"

Nikasema nilijua.

"Siku nilipokata ule mninga ulikuwa umekaa hapa."

Nikasema nilikuwepo.

"Ulinishikia mbao isitikisike."

Nikasema nilimshikia.

Hakulia. Ningependa kukuandikia kwamba alilia, maana ningejua la kufanya. Alisimama akiangalia benchi, kisha akaanza kukusanya vyombo. Alichukua patasi tatu ndogo, tupa, uzi wa kupimia, kile kigurudumu cha baiskeli anachosukia waya, na randa ya marehemu baba yangu, ambayo mimi mwenyewe sikupewa mpaka nilipofika miaka thelathini. Sikumzuia. Nilimwambia, "Randa hiyo ilinolewa upande mmoja, ukiisukuma kwa haraka inauma mbao." Akasema anajua, alishaigundua.

Nilimwambia nimekosa. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo, na huenda sikulisema vizuri, kwa sababu alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ya mbali. Nikaongeza kwamba mama yake naye anaomba radhi. Akasema, "Nimesoma. Anaomba vizuri. Nyote mnaandika vizuri."

Nikamwuliza nikuandikie nini. Alikuwa anafunga mzigo kwa kamba. Alisema, "Mwambie kwamba yule Adolphe anasubiri magitaa mawili. Ayatengeneze. Si mkono anao?"

Aliondoka asubuhi ya Jumatatu kwa basi la Iringa. Pesa uliyotuma alichukua nusu, nusu akamwachia bibi yake. Kadi zako zote nilizikuta chini ya godoro, zimefungwa kwa mpira. Sikujua nizipeleke wapi, nimeziacha hapohapo.

Mchungaji Douglas amepita Iringa mwezi uliopita. Amemwona. Tumpe amepanga kibanda karibu na stendi ya malori, anatengeneza magitaa ya kwaya, na wateja anao. Mchungaji alifungua kifuniko cha nyuma cha mojawapo. Ndani kumeandikwa Tumpe, na mwaka. Jina la ukoo hakuliweka.

Mimi sijapata barua yake. Kama amekuandikia wewe, usinifiche.

Baba yako,
Ambakisye


Tooting, London, 10 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Nimezungumza na mama Jumapili. Amesema unakula kidogo. Kula.

Adolphe alikuja wiki iliyopita kuulizia mbao. Nilimwambia mbele ya Surinder kuwa gitaa lile halikuwa kazi yangu, nikamwandikia jina la aliyelitengeneza na mji alipo. Aliikunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kuna fundi mwingine hapo ndani anayeweza kumbadilishia nyuzi.

Tumpe hajaniandikia.

Lusekelo